Namna ya Kuficha Kopo Kariakoo

Mwezi Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Siku nyingi hazikupita, Dave Ulmer wa Oregon akaficha ndoo msituni na kutangaza mahali ilipo kwenye intaneti. Ndani mlikuwa na vitabu, manati, hata kopo la maharage. Anayeiona achukue kitu, aache kitu, aandike jina daftarini. Leo makopo ya namna hiyo yako kwa mamilioni duniani. Kariakoo nayo isibaki nyuma.

1. Chagua chombo. Chupa ya plastiki usijaribu. Waokota makopo huamka kabla yako. Kopo la bati litakuwa juu ya mzani wa chuma chakavu wewe hujafika hata kituo cha mwendokasi. Ndoo yenye mfuniko utaikuta kesho imejaa ubuyu, nawe utauziwa. Tafuta chombo ambacho Kariakoo hakina mteja. Ukikipata, tujulishe.

2. Chagua mahali pasipo na mwenyewe. Mtaa wa Kongo una wenyewe mpaka upenyo ulio kati ya nguzo ya umeme na mtaro, na mwenye upenyo anapanga soksi hapo. Usikimbilie chini ya ardhi: soko alilolibuni Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lina shimoni, na huko nako kulijengwa kwa ajili ya biashara.

3. Ficha usionekane. Ukiinama tu, kijana atauliza, "Kaka, umedondosha nini?" Ukijibu "hamna kitu," atainama na wenzake watatu. Mgambo akitokea, wamachinga watakusanya bidhaa na kutimka, na kopo lako litaondoka nao.

4. Weka zawadi ndogondogo. Wataalamu wanapendekeza sarafu, shanga na daftari la majina. Sasa mwenye fremu anafungua duka alfajiri, anakuta mlangoni sarafu, shanga na majina ya watu asiowajua. Hapo hakuna mchezo tena, hiyo ni chuma ulete. Kufika saa nne, shehe ameshasoma dua, mchungaji ameshakemea, na jina la kwanza kwenye orodha ni lako.

5. Toa vipimo vya GPS. Mawimbi ya setilaiti hugonga maghorofa na kurudi, hivyo simu itakuonyesha uko Msimbazi ilhali umesimama Mtaa wa Sikukuu. Ongeza kipimo cha kienyeji, ambacho hakijawahi kumpoteza mtu: "Ukifika, nipigie."

6. Simamia kanuni. Anayechukua aache kitu cha thamani ileile au zaidi. Jiandae kupokea simu: "Bosi, kopo lako nimeliona. Bei ya mwisho?"

7. Hatua zote zikikwama, mkabidhi Mangi wa dukani kopo lako. Mwambie kuna mtu atakuja, humjui jina wala sura. Hatashangaa. Ataliweka chini ya kaunta, penye funguo za wapangaji, dawa ya mgonjwa wa mtu na mzigo unaosubiri basi la mkoani. Asiyemjua atakuja, ataulizia, atapewa. Mtaa mzima utajua kopo liliko, na halitaguswa. Sharti la Mangi ni moja: anayekuja kulichukua anunue japo soda.