Mgomba Wenye Homa

Chanzo ni mpwa wangu aliyeko Uingereza. Alinitumia picha ya mgomba uliosimama uani kwake, theluji imetapakaa chini, nao umevishwa magunia na majani makavu.

“Mjomba, huu unaitwa Musa basjoo,” akaniambia kwenye simu. “Baridi haiuui.”

Usiku ule sikulala. Kijana anaotesha migomba kwenye theluji, nami hapa kilimani Ediofe, Arua, sina hata mmoja! Sisi watu wa Arua chakula chetu ni enyasa, ugali wetu. Matoke hutujia kwa lori kutoka kusini. Mke wangu ni mzaliwa wa Masaka, huko huko kusini, na kila akilipia mkungu hunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiweka Arua mbali.

“Na ndizi zake ni tamu?” nikamwuliza mpwa.

Kimya. “Haziliwi, Mjomba. Zimejaa mbegu.”

Yaani anaufunika, anaubembeleza, kisha hauleti kitu mezani. Huo si mgomba, ni shemeji.

Nikashuka sokoni kutafuta wangu. Kosa la kwanza lilikuwa Kiswahili changu sanifu: “Nataka mche wa ndizi.” Uganda, ndizi ni kale kadogo katamu, ya kupika ni matoke, ya kuchoma ni gonja, ile ndefu ya kuiva ni bogoya. Muuzaji akanipa kale kadogo. Nikakataa. Akachomoa mche mwingine kwenye lundo lile lile, akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba ni matoke halisi. Miche ya migomba inafanana kama vichanga wodini, nikalipa.

Niliupanda Aprili, mvua ilipoanza, ukastawi vizuri. Desemba upepo mkavu ukavuma, alfajiri moja nikasikia ubaridi, nikamkumbuka mpwa. Nikauvisha magunia mawili na blanketi.

Mke wangu, Mama Sunday, akatoka na kikombe cha chai. “Baba Sunday, mgomba una homa?”

“Naukinga na baridi.”

Akalitazama jua. Ilikuwa saa tatu tu na kuku walikwishakimbilia kivulini. Akarudi ndani bila neno.

Kufikia mwisho wa Januari majani yalikuwa yanapasuka kama gazeti la mwaka juzi. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Barafu tunaiona kwenye friji. Adui wa mgomba huku ni kiangazi, pamoja na mbuzi wa jirani, ambaye yeye hana msimu. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Blanketi hawakulitaja, labda hawakufikiri ingefika huko.

Nikauvua nguo. Nikaweka samadi, nikatandaza nyasi shinani, maji ya kuoshea vyombo yote yakawa yake. Mvua iliporudi ukafufuka, na baadaye ukatoa mkungu. Nikaualika ukoo.

Tulichemsha ndizi zile tangu asubuhi. Saa nane bado zilikuwa ngumu, na ukiuma, ulimi unakunjamana. Mzee wa jirani akaja, akaminya moja, akacheka hadi akakaa chini.

“Mwanangu, hii kayinja. Hii ni ya pombe!”

Kumbe ndiyo maana ulivumilia jua langu na blanketi langu: kayinja haina makuu, hata kwenye udongo maskini huota, mradi ugonjwa wa mnyauko usiifikie. Habari zikashuka mlima haraka kuliko bodaboda. Jioni ile walikuja wanaume ambao hawajanijulia hali tangu Krismasi, kila mmoja na jerikeni, wakiulizia mkungu ujao.

Walipoondoka nikamwambia mke wangu, “Yule muuzaji amenitapeli.”

“Nilijua siku ile ile ulipouleta,” akasema huku akisugua sufuria. “Shina la matoke huwa na mabaka meusi. Lile lilikuwa safi.”

“Mbona hukuniambia?”

“Uliniuliza? Ulimwuliza wa Uingereza.”