Namna ya Kuiba Ufalme Mzima Bila Kukamatwa

Unataka kuandika riwaya ya fantasia yenye masultani, panga, makuhani na majoka. Unataka pia msomaji akifika ukurasa wa mwisho ashushe kitabu aseme: huyu mtu ana kichwa! Usione haya, kila aandikaye analitaka hilo. Shida ni kwamba kubuni siasa, uchumi na dini ya nchi nzima ni kazi ya miaka, na wewe unataka kuanza kesho. Sogea karibu basi, ndugu yangu. Usibuni. Iba.

1. Chagua nyumba ya kuvunja.

Wengi hukimbilia Uingereza kwa sababu ndiko alikoibia mwandishi wa fantasia George R. R. Martin. Alichukua vita vya koo za York na Lancaster, vya mwaka 1455 hadi 1485, akavivika majina mapya. Akavuka mpaka hadi Uskoti, akachukua karamu ya mwaka 1440 katika ngome ya Edinburgh, ambako vijana wawili wa ukoo wa Douglas walialikwa kula na mfalme kisha wakakatwa vichwa. Mwenyewe hafichi, na heshima yake haijapungua hata chembe. Lakini nyumba ile imekwisha kupekuliwa hadi uvunguni. Wewe nenda Kilwa Kisiwani, Kilwa ya karne ya 14. Mali imejaa na wezi ni wachache. Inaniuma kuona kijana wa Lindi akihangaika kueleza theluji na ngome za Ulaya, na Husuni Kubwa, jumba la kifalme lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane, liko palepale mkoani kwake.

2. Anzia kwenye mfuko, si kwenye kiti cha enzi.

Njia ya mkato ni hii: tafuta bidhaa moja, njia moja, na mtu mmoja aliyekaa mlangoni. Kilwa bidhaa ilikuwa dhahabu. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, ikapanda jahazini kwenda kaskazini. Sasa jiulize kwa nini ushuru uliliwa Kilwa, si mji mwingine. Jibu ni upepo. Jahazi la Arabuni au India lililoshuka na kaskazi liliweza kufika Kilwa, likauza, likanunua, na kurudi na kusi. Ukiteremka zaidi kusini ungeweza kukosa upepo wa kukurudisha kwenu. Kwa hiyo aliyeishika Kilwa aliishika dhahabu bila kumiliki hata shimo moja la mgodi. Umepata uchumi wako, na siasa imekuja nao bila kuitwa.

Chukua na sarafu pia. Masultani wa Kilwa walifua sarafu ndogo za shaba, upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Dola, dini na soko vimelala katika kiganja kimoja. Mpe mhusika wako sarafu kama hiyo, ujiokolee kurasa kumi za maelezo.

3. Dini: usiorodheshe miungu.

Kila mwandishi mchanga huanza na miungu kumi na miwili, kila mmoja na aya yake, na msomaji husinzia. Wewe uliza swali moja tu: dini inaufanya nini mfuko wa mtawala?

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Baba wa Vipawa. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka kuswali, fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Watu wakasifu mno. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fukara aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Isome tena polepole. Watumwa wale walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani huyo alikuwa akivamia nchi za bara mara kwa mara, na fungu la tano la ngawira alilitenga kwa matumizi ya dini, akiwapa masharifu waliomjia kutoka Iraki na Hijazi. Sifa ya msikitini ililipwa na vijiji vya bara. Mtawala huyu si mnafiki. Anaamini anachokifanya, na ndiyo maana anatisha kuliko shetani yeyote utakayembuni. Kisha waangalie wale watumwa ishirini. Hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Hapo usiibe, rudisha. Mpe mmoja wao jina, mama na lugha yake, halafu mwachie riwaya.

4. Mrithishe mtu asiyefaa.

Baada ya al-Hasan alikuja nduguye Daudi, na waombaji wakaambiwa kwamba mtoaji amekufa bila kuacha cha kutoa. Hiyo ni sura nzima, bure. Ukitaka mwisho wenye moto, upo pia: Wareno walipofika mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida, walimkuta Amiri Ibrahim, mtawala aliyekuwa na nguvu lakini hakuwa wa nasaba ya masultani. Wakauteka mji na kumweka mtu wao. Mgeni mwenye mizinga hupenda sana kuta zenye ufa.

5. Futa alama za vidole.

Kubadili majina hakutoshi. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliitundika nchi nzima angani, na chini ya mawingu yale utawala wa zama zake ukasemwa. Fanya hivyohivyo: geuza jambo moja la maumbile, halafu usidanganye tena popote. Sema kusi huvuma mara moja tu kwa miaka mitatu, na makuhani pekee ndio wajuao lini. Papo hapo ushuru umehama kutoka kwa sultani kwenda hekaluni, wafanyabiashara wamegeuka wachamungu, na mji umejaa mabaharia wa kigeni wenye wake wawili, mmoja hapa na mmoja kwao. Hakuna atakayesema hii ni Kilwa.

Sasa andika. Usianzie ikulu, anzia forodhani: karani anapima dhahabu, mzani wake una kasoro anayoijua yeye peke yake, na mwana wa sultani yuko mlangoni akitaka watumwa kumi kabla ya alasiri.