Msipige Window Kwanza

Mafundi wa kompyuta wa jiji hili wana dawa moja. Kompyuta nzito? Piga window. Printa haivuti karatasi? Piga window. Chai ya maziwa imemwagikia kibodi na herufi ya A inajiandika yenyewe? Tupige window tu bosi, 20,000. Ukiuliza ugonjwa ni nini hasa, fundi anakutazama kwa huruma, anasema "virusi", na mjadala umefungwa. Kesho yake unarudishiwa mashine safi isiyo na picha za harusi yako wala hesabu za duka, ikiwa na Office ya krak yenye virusi vingine vya kukurudisha kwake mwezi ujao.

Sina ugomvi na kupiga window panapostahili. Kinachonichosha ni kwamba ndani ya Windows kuna swichi moja ambayo kuitazama hakugharimu kitu, na kwa sababu ya swichi hiyo watu wamefuta mashine nzima, wamehama mtandao wa simu, wamenunua ruta mpya na wamenuniana na wapangaji wenzao kuhusu nani anayekula Wi-Fi. Swichi yenyewe inaitwa proksi. Ipo kwenye Mipangilio, upande wa Mtandao na Intaneti, kuelekea chini, ambako watu hawafiki kwa sababu wameshakata tamaa njiani.

Shemeji yangu ana steshenari jirani na shule ya sekondari. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ndio anaolipia kodi ya fremu ya mwaka mzima: vijana wanapanga foleni na vyeti vyao vya kuzaliwa, yeye anaskani, anajaza, anachapa. Katikati ya msimu huo akanipigia simu. Mimi ndiye mtaalamu wa ukoo. Cheo hicho nilipewa siku nilipofanikiwa kuiwasha printa ya baba mkwe, na hakuna utaratibu wa kujiuzulu.

"Shem, intaneti imekata."

"Bando lipo?"

"Bando lipo, simu inafungua kila kitu kwa Wi-Fi hiyohiyo. Kompyuta ndiyo imenuna."

Ilikuwa imetoka kwa fundi. Ilikuwa inatema matangazo ya kamari kila anapofungua tovuti, hata za serikali, fundi akaitia antivirusi, antivirusi ikakamata wadudu wake, ikawaua, ikaandika kwa rangi ya kijani kwamba mashine ni safi. Tangu hapo kivinjari hakifungui kitu. Fundi akasema tatizo ni mtandao. Watu wa mtandao wakasema zima ruta uwashe. Muuza chipsi wa mbele akasema ni mvua. Fundi, alipopigiwa tena, akasema sasa hapo ni kupiga window.

Nilipofika, alama ya Wi-Fi ilikuwa imejaa. Nikatuma ping, majibu yakarudi bila kusitasita. Nikafungua kivinjari, na katikati ya kioo kikaandika ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Yaani kompyuta ilikuwa imejiandikia jina la ugonjwa wake kwa herufi kubwa, na watu wazima wenye akili timamu wakapita mbele yake wakijadili mvua.

Proksi ni dalali. Kwa kawaida kivinjari chako kinakwenda chenyewe kwenye tovuti, kinabisha, kinapewa ukurasa, kinarudi. Ukikiwekea proksi, hakiendi tena popote. Kila ombi kinamkabidhi dalali, dalali ndiye anayekwenda kwa mwenye nyumba, na dalali ndiye anayeleta jibu. Kama ni mwaminifu, utaletewa ulichoomba. Kama ni wa wale tunaowajua, atakuletea na asichotumwa, atasoma barua zako njiani, na siku ukiomba kwenda benki atakupeleka kwenye nyumba iliyopakwa rangi za benki.

Kwenye kompyuta ya shemeji swichi ya proksi ilikuwa imewashwa, anwani 127.0.0.1, mlango 8080. Hiyo 127.0.0.1 ni anwani ambayo kila kompyuta huitumia kujiita yenyewe. Maana yake dalali hakuwa China wala Urusi, alikuwa amepanga ndani ya mashine hiyohiyo. Aliingia na programu ya bure ya kugeuza PDF kuwa Word, ambayo kila steshenari inayo, na ambayo huwekwa kwa kubofya endelea, endelea, nakubali, endelea. Programu ikafanya mambo mawili: ikakaa mlangoni 8080 kusubiri, na ikabadilisha mipangilio ili kivinjari kipitie hapo. Antivirusi ilimuua dalali. Mipangilio haikuigusa, kwa sababu mipangilio si virusi. Ni maneno machache ndani ya rejista ya Windows: ProxyEnable ni 1, ProxyServer ni fulani. Antivirusi haikuona dhambi humo, maana ofisi nyingi za halali zina maneno kama hayo. Kwa hiyo kivinjari kiliendelea kubisha hodi kwa marehemu, kila siku, kwa adabu zote.

Nikazima swichi. Tovuti zikafunguka.

"Ndiyo hiyo tu?" Shemeji aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Hili nalo linanikera. Mtu akitozwa 20,000 na kufutiwa mafaili yake yote anashukuru, ukimponya kwa kubofya mara moja anashuku kuwa hukumtibu.

Na kwa haki, bado nilikuwa sijamaliza. Kuzima proksi ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuwasha kompyuta upya na kuangalia tena. Ikiwa swichi imebaki imezimwa, yaliyobaki yalikuwa masalia. Ikiwa imejiwasha yenyewe, basi kuna kitu bado kina uhai humo ndani, kimejificha kwenye kazi zilizopangwa au kwenye programu zinazoamka na mashine, na kila ukizima kinakuja nyuma yako kuwasha. Hapo ndipo pa kuanza msako. Dalili nyingine ni kivinjari kuandika kwamba kinasimamiwa na taasisi yako. Ofisini sawa. Steshenari yenye mama mmoja na mashine moja ya fotokopi haina idara ya TEHAMA. Hiyo "taasisi" ni mtu aliyejiteua.

Wajanja zaidi hawagusi hata swichi hiyo. Kwenye ukurasa uleule kuna sehemu ya kuweka anwani ya skripti, na humo dalali anaandikiwa masharti: tovuti hizi pita moja kwa moja, hizi zipitishe kwangu. Utaratibu huu ulitengenezwa na Netscape mwaka 1996 kwa ajili ya kampuni zenye mitandao mikubwa, na ni mzuri. Wezi wa benki wa Brazil waliupenda pia. Skripti inakuacha utazame mpira na kusoma magazeti bila kasoro yoyote, halafu ukiandika jina la benki ndipo inapokugeuza njia. Matangazo ya kamari angalau yanajitangaza. Huyu hakupi hata sababu ya kulalamika, na mimi bila sababu ya kulalamika siwezi kufanya kazi.

Kuna na kitufe cha tatu, kile cha kompyuta kujitafutia proksi yenyewe, ambacho kwenye Windows huja kikiwa kimewashwa. Kompyuta ikiingia kwenye mtandao inauliza kwa sauti: dalali wa hapa ni nani? Yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kunyoosha mkono. Flame, kirusi cha ujasusi kilichogunduliwa Mei 2012 hasa kwenye kompyuta za Mashariki ya Kati, kilinyoosha. Mashine moja iliyoambukizwa iliziambia jirani zake kwamba yeye ndiye proksi, zikakubali, na zilipoomba masasisho ya Windows ikazipa ya kughushi yenye sahihi iliyoonekana ni ya Microsoft. Nikiwa kwenye Wi-Fi ya hotelini kitufe hicho nakizima. Mke wangu anasema huo ni wasiwasi uliopitiliza. Mke wangu pia anatumia nenosiri moja kwa kila kitu.

Sasa utaniuliza, na mpwa wangu kaniuliza: Mjomba, si kuna ile alama ya kufuli kwenye kivinjari? Dalali atasomaje kilichofungwa? Swali zuri. Hasomi, isipokuwa ameingiza kwenye kompyuta yako cheti chake mwenyewe cha kuaminiwa. Akishakiingiza, kufuli utaliona, ila ufunguo anao yeye. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo zilizouzwa mwishoni mwa 2014 zilitoka dukani na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyofanya hivyohivyo. Kibaya zaidi, kompyuta zote zilipewa ufunguo mmoja wa siri, na mtaalamu Robert Graham alipoufungua alikuta nenosiri lake ni "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza sehemu hiyo ya programu. Na ukiiondoa Superfish kwa njia ya kawaida, cheti kilibaki. Kama kwa shemeji: mgeni kaondoka, ufunguo wa nyumba kabaki nao.

Wenye Mac msicheke. Aprili 2017 kampuni ya Check Point ilieleza kuhusu kirusi kiitwacho Dok, kilichosambazwa kwa barua pepe za Ulaya, baadhi zikijifanya zinahusu marejesho ya kodi. Kiliziba kioo kizima kwa tangazo la uongo la sasisho hadi mtu aandike nenosiri lake, kisha kikaweka cheti na proksi, anwani 127.0.0.1, mlango 5555. Anwani ileile ya steshenari, kwenye mashine ya bei ya bajaji.

Baada ya kusema yote haya, nakuomba usiende ofisini kesho ukaanza kuzima proksi za watu. Kabla ya kebo ya SEACOM kuwashwa Julai 2009, vyuo na ofisi nyingi za kwetu zilikuwa zinavuta intaneti kwa setilaiti, tena kwa bei ya kulia, na bila proksi watu wasingefungua kitu. Programu ya Squid, mlango wake wa kawaida 3128, ilichukua ukurasa mara moja, ikauhifadhi, ikawagawia wote waliouomba baadaye. Siku hizi ofisi zinaitumia zaidi kuchuja mtakachofungua saa za kazi. Jirani yangu, mhadhiri, kompyuta yake ilikuwa inapata intaneti chuoni na nyumbani haipati. Akajitangazia virusi, akaenda kwa fundi, fundi akapiga window. Nyumbani ikafunguka, akafurahi. Jumatatu akaenda chuoni, haikufunguka, kwa sababu proksi ya chuo ilifutika pamoja na vingine vyote. Akarudi kwa fundi. Nadhani unajua fundi alishauri nini.

Hata 127.0.0.1 yenyewe si hatia. Kuna antivirusi zinazokaa hapo kukagua tovuti kabla hazijakufikia, na wanaotengeneza programu hukaa hapo kwa kazi zao. Kabla ya kuhukumu, muulize aliye mlangoni jina lake: amri ya netstat -ano itakupa namba ya programu inayosikiliza kwenye mlango huo, na Meneja wa Kazi atakuambia namba hiyo ni ya nani. Ukimkuta unayemfahamu, msalimie uondoke. Na ukishasafisha, andika netsh winhttp show proxy, maana Windows ina daftari la pili la proksi ambalo ukurasa ule wa Mipangilio haukuonyeshi, na watu hulisahau halafu wanashangaa kwa nini huduma nyingine za mashine zimegoma wakati kivinjari kizima.

Mpwa wangu huyu mwenye maswali mazuri, nikagundua simu yake inatumia "intaneti ya bure". Kuna kundi la Telegram linalogawa faili la mipangilio, unalipakia kwenye programu fulani, na bando halikatwi. Faili likifa, mwenye kundi anatoa jingine.

"Kila kitu chako kinapitia kwa mtu humjui," nikamwambia.

"Mjomba, atasoma nini kwangu? Sina hata salio."

Nikamweleza kwamba wakati mwingine hawataki kukusoma, wanataka kukutumia. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunja mtandao wa 911 S5. Watu katika nchi karibu 200 walipakua VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN, na bila kujua kompyuta zao zikageuzwa kuwa proksi za kukodisha kwa wahalifu, zaidi ya anwani za IP milioni 19. Mtu akiiba pesa mtandaoni, anayeonekana kufanya hivyo ni wewe, umekaa kwenu unatazama tamthilia. Safari hii dalali ni wewe, na kamisheni hupati.

Akanyamaza. Nikaona maneno yameingia.

"Kwa hiyo nilitoe?"

"Litoe sasa hivi."

Akalitoa mbele yangu, kijana msikivu. Kisha akageuza simu akanionyesha salio: sifuri.

"Basi nitumie bando la wiki, Mjomba."

Nikamtumia la siku.