Nani Anakaanga Papa Usiku Huu?

Mkaza mjomba alipohama Mwembe Tayari kwenda kukaa na bintiye Kisauni, aligawa vitu kama mtu anayetoa sadaka. Binamu zangu walichukua friji, makochi na cherehani. Mimi nikaomba kompyuta ya marehemu mjomba. Hakuna aliyegombana nami.

Ilikuwa Macintosh Classic, aina iliyotoka Oktoba 1990 na kuuzwa Marekani kwa dola 999. Sanduku moja la kilo 7 na ushei, kioo cha inchi 9 kisichojua rangi, na juu yake pa kushikia, kana kwamba walioiunda walijua ipo siku itavuka kwa feri kwenda Likoni. Humo feri mzee mmoja akaniuliza kama ni maikrowevu. Nikamwambia ndiyo, nikapumzika.

Mke wangu hakudanganyika. "Ina nini ndani?"

"Kumbukumbu za mjomba." Maana mjomba aliishi kwa mashine ile: alichapa barua za watu, mikataba ya nyumba, kadi za harusi.

"Haya. Isiniletee mende."

Mende hawakuwamo. Nilipoiwasha, kioo kilijaa viraka vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti, na ikanyamaza kimya. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa mashine hizi. Kwenye bodi kuna kapasita ndogo za duara, vikopo vyenye maji ya dawa ndani, na baada ya miaka thelathini maji hayo huvuja na kula njia za shaba. Hewa ya chumvi ya kwetu nayo haikusaidia.

Kuifungua tu kulinichukua siku tatu, kwa sababu skrubu mbili zimezama ndani kabisa chini ya pale pa kushikia na zataka bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu. Fundi wa redio aliyeniazima alinionya nisiguse nyuma ya kioo kabla ya kutoa umeme uliolala humo, maelfu ya volti, hata kama waya wa ukutani umeng'olewa. Kazi hiyo nilimwachia yeye. Mimi ni baba wa watoto watatu.

Kapasita nilizing'oa mwenyewe, usiku, mezani jikoni. Jambo ambalo hakunieleza mtu ni kwamba maji yale yakipata moto wa chuma cha kulehemu hunuka samaki. Si samaki mbichi, ni papa mkavu aliyesahauliwa kikaangoni. Kwanza akaja paka. Kisha jirani akapiga hodi: "Jirani, mwakaanga papa usiku huu na hamuniiti?" Mke wangu akatoka chumbani kajifunga leso kichwani, akaitazama bodi, akanitazama mimi, akarudi kulala bila neno. Ningependa angegomba.

Asubuhi niliosha bodi kwa sabuni na mswaki ndani ya karai la mchele, nikaianika, nikaweka kapasita mpya. Ubao wa drafti ukatoweka.

Hapo ningetosheka. Lakini mtu akishaona mafanikio madogo huwa hatari. Plastiki ya mashine ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara, na nilikuwa nimesikia kwamba peroksaidi na jua huirudishia rangi. Mke wangu husuka na kutia watu rangi ya nywele sebuleni, na krimu yake ya asilimia 12 ilikuwa kabatini. Nilimaliza chupa mbili. Nikang'oa vifuniko vyote vya vitufe, nikavipaka, nikavipanga kwenye sinia, nikafunika nailoni, nikapandisha juu ya dari ya saruji. Mteja wake wa saa nne akakosa rangi. Kunguru wakachana nailoni. Niliporudi kuhesabu, vitufe vyote vilikuwepo, vyeupe kwa mabaka mabaka kama ngozi ya kenge, isipokuwa kimoja. X.

"X watumia lini?" mke wangu akauliza. "Kiswahili hakina X."

Kweli tupu. Ila nilipoiwasha tena, katikati ya kioo ilitokea picha ya diski yenye alama ya kuuliza, ikipepesa. Diski ya megabaiti 40 ilikuwa ikizunguka, naisikia, lakini programu ya kuiongoza mashine imeharibika. Sasa Classic ina siri: wahandisi wake walificha mfumo mzima, toleo la 6.0.3, ndani ya chipu isiyofutika. Huamshwa kwa kushikilia vitufe vinne kwa pamoja wakati wa kuwasha: Command, Option, O na X.

Basi jamaa yote ikakusanyika. Binti mkubwa akashika viwili, wa pili akashika O, kitinda mimba akakandamiza kishimo cha X kwa ncha ya penseli, na mama yao, ambaye hakuwa na shughuli kwa kuwa rangi imekwisha, akaenda nyuma kuwasha. Kikatokea kisura kinachotabasamu, kile alichokichora msanii Susan Kare. Watoto wakapiga makofi. Diski ya mjomba ikajitokeza pembeni, nzima.

Faili la kwanza nililofungua lilikuwa orodha ya mchango wa harusi ya binamu yangu, mwaka 1993. Safu tatu: jina, ahadi, alicholeta. Mjomba alikuwa mtu wa hesabu. Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya kwanza bandarini na mdomo mkubwa. Jina langu, la kumi na nne: ahadi 1,500, alicholeta 0. Ukoo mzima ulikuwa umelipa.

Mke wangu aliinama, akasoma polepole kwa sauti ili watoto wasikie. "Kumbe hizi ndizo kumbukumbu za mjomba."

Ijumaa nilimtumia mkaza mjomba shilingi 1,500 kwa simu. Mke wangu asema za 1993 si sawa na za leo, na kwamba bado ananidai chupa mbili za krimu. Mkaza mjomba hajajibu.