Sifa za Bolti Iliyoganda

Kuanzia Mwadui, palipogunduliwa almasi mwaka 1940, kupita Kahama na Kakola hadi Geita, sikumbuki kusikia bolti iliyoganda ikisifiwa. Sifa zote hupewa dhahabu, na sifa inayotangulia ni kwamba haishiki kutu. Tuipime sifa hiyo kwa haki. Dhahabu haishiki kutu kwa sababu haitaki kushikana na mtu: hewa inaipita, maji yanaipita, nayo imekaa zake ndani ya mwamba ikisubiri karasha. Ikishapatikana haikai. Leo iko Nyarugusu, kesho kwa mnunuzi mjini, keshokutwa ng'ambo. Bolti ya chuma ina moyo mwingine. Ikikutana na tope na hewa inashikana navyo, na nati iliyofungwa nayo haiachi tena. Katika ukanda ambao kila chenye thamani hupakiwa kikaondoka, ni yeye tu aliyeapa kubaki.

Watasema huo ni ukaidi. Ukaidi hauna sababu, bolti inazo. Chuma kikigeuka kutu hutaka nafasi kubwa kuliko ile kiliyokuwa nayo. Na kwa kuwa kati ya meno ya bolti na ya nati nafasi ni finyu mno, kutu hujisokota humo na kubana kama kabari. Udongo mweusi wa mbuga nao hutoa mchango wake: ukishanata chini ya chasisi wakati wa mvua, hutunza unyevu siku kadhaa baada ya barabara kuanza kutimua vumbi. Basi bolti ya springi inapogoma inatoa taarifa kamili: hapa maji yalituama, hapa hapakuoshwa, hapa fundi aliyepita alifunga chuma kikavu bila tone la grisi. Mwenye gari anaweza kudanganya kuhusu sevisi, na muuzaji wa gari ndiyo kazi yake. Bolti hukaa palepale ilipofungwa, ikisubiri kuulizwa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba bolti hii hukatika na kumwacha mtu njiani na mzigo wake. Tuulize imekatwa na nani. Bolti nyingi za gari zimeandikwa nguvu zao kichwani. Yenye 8.8 inasema kwamba kila milimita mraba ya chuma chake huhimili mvuto wa nyutoni 800 hivi kabla ya kukatika, na kwamba ikifika asilimia 80 ya hapo hurefuka isirudi. Fundi mwenye haraka hasomi. Huchomeka bomba kwenye mpini wa spana, urefu ukawa mara mbili na nguvu ikawa mara mbili, kisha huning'inia. Kuna Fuso za mfumo wa zamani wa Kijapani ambazo nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kinyume na mazoea. Utingo asiyejua hupanda juu ya spana akikaza kwa uzito wake wote huku akiamini anafungua, na kikisikika "ka!" lawama zote huenda kwa kutu.

Anayeijua huiendea kwa adabu. Huisugua kwa brashi ya waya, huinywesha mafuta mepesi yanayopenya na kuiacha hadi asubuhi, huigonga kichwani kwa nyundo, kisha huikaza kidogo kabla ya kuilegeza, mbele na nyuma, nyuma na mbele. Ikikataa bado, huipasha nati moto itanuke, mbali na tangi la mafuta na mipira ya breki. Hata ikishakatika, kuna kuichomelea nati mpya juu ya kisiki. Joto la kuchomelea hufanya nusu ya kazi. Mahali ambapo kila mmoja anataka kutajirika kabla ya jua kuzama, nani mwingine anayeweza kumlazimisha mtu mzima alale kwanza?

Wamebaki wale wa kinga, wanaodai kwamba meno yangesafishwa na kupakwa grisi sifa zote hizi zisingehitajika. Ni kweli, na mafundi wengi wangekosa kazi. Lakini hata wao wana masharti. Kwenye manifoldi ya ekzosi grisi ya kawaida huungua, inatakiwa ile ya shaba. Kwenye bolti za magurudumu grisi haipakwi ila mtengenezaji awe ameruhusu, maana meno yakiteleza, mkazo uleule huivuta bolti kupita kiasi chake.

Na kwa anayetaka kuzilinganisha tena metali hizi mbili, azigusanishe ndani ya maji ya chumvi. Chuma kitaliwa upesi kuliko kingekuwa peke yake. Dhahabu itatoka kama ilivyoingia.