Starlet Yakatwa Miguu

Shemeji yangu, mdogo wake Baba Neema, alikuja likizo ya chuo na neno moja: Starlet yetu imesimama juu kama mbuni, inatutia aibu mtaani. Jumamosi saa nne asubuhi ua wetu wa Tabata ulishakuwa gereji, na nati zimepangwa kwenye sahani zangu za pilau.

"Shem, tunakata springi kidogo tu. Saa sita unaenda nalo sokoni."

Mbele ya gari hilo kuna mfumo wa MacPherson. Springi imevishwa kwenye shokapu na kubanwa juu kwa nati, muda wote imekandamizwa. Kuifungua nati hiyo bila vibana vya springi ni kuachia chuma kinachoweza kumuua mtu. Shemeji vibana hakuwa navyo. Alikuwa na kamba ya manila.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi niliposikia kishindo. Kamba ilikatika, springi ikaruka ukuta na kutoboa bati la banda la kuku la Mama Zuhura. Hakuumia mtu wala kuku, namshukuru Mungu.

Ndipo akaitwa mzee fundi wa mtaa wa pili. Alifika na vibana, na hasira. Kwanza alimnyang'anya shemeji mtungi wa gesi aliouazima kwa wachomeleaji.

"Ukiichoma, chuma kinalegea. Itadidimia au itakatikia njiani. Springi inakatwa kwa grenda, polepole, isipate moto. Nusu mzunguko, unafunga, unapima."

Kisha akampa hesabu ambayo yeye, mwanafunzi wa uhandisi, hakuipiga: springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa 1, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Mzigo ule ule sasa unabebwa na mizunguko 5. Mzee akakata nusu mbele, akaagiza gari lipelekwe alaimenti, akaenda zake.

Shemeji hakuridhika. Jumapili tukiwa kanisani akashusha springi za nyuma, akakata mzunguko mmoja na nusu kila upande.

Jumatatu tukampokea mama mkwe stendi ya Mbezi, akitokea Morogoro na gunia la mchele. Tulimkalisha nyuma. Tuta la kwanza, egzosi ikakwangua lami. Tuta la pili, shokapu zikafika mwisho wake na mama akagonga kichwa darini. Akajifunga upya kilemba, akamgusa mwanawe begani.

"Baba, hili gari mmemaliza kulilipia, au kuna vyuma hamjakabidhiwa?"

Baba Neema hakujibu. Kesho yake alikwenda Ilala kununua springi nzima za mtumba, kwa fedha iliyokuwa ya kompyuta mpakato ya shemeji. Bati la Mama Zuhura likatoka humo humo.

Springi iliyokatwa haiungwi tena. Mwenye hamu ya kushusha gari atafute springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lake. Zetu ziko stoo. Mnunuzi wa chuma chakavu aje na mzani wake.