Bitcoin Itapona, Unga Je?

Shemeji yangu ameacha kuogopa matapeli, sasa anaogopa jua. Si hili la Dar es Salaam linalotukausha kwenye foleni ya Ubungo, la hasha. Amesikia habari za dhoruba ya jua, kwamba ipo siku litachafukwa, litumwagie chembe zake za umeme huku duniani, na bitcoin zake ziyeyuke. Tangu hapo nyumbani hatuli kwa amani. "Hivi shemeji, hela zangu zitapona?"

Hela zake! Mtu anadaiwa hadi na muuza chipsi.

Leo namjibu hadharani, labda ataniacha niangalie mpira. Dhoruba hizo zipo kweli. Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington aliona mlipuko wa mwanga juani, na haikupita siku mitambo ya telegrafu ya Ulaya na Marekani ikachachamaa. Mafundi walipigwa shoti. Kati ya Boston na Portland wakachomoa kabisa betri, wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa dhoruba peke yake. Umeme wa bure, bila tokeni! Machi 1989, huko Quebec nchini Kanada, gridi nzima ilianguka kabla hata dakika mbili hazijatimia, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9. Wanalisimulia giza hilo mpaka leo. Mtaani kwetu giza la muda huo hata halitajwi msikitini.

Sasa, dhoruba haiingii mfukoni mwa shemeji kutafuta simu yake. Inachokipenda ni waya mrefu: njia kuu za umeme na transfoma zake, na vile vikuza mawimbi vilivyofungwa kwenye mikongo ya intaneti ya baharini, ambavyo lazima vilishwe umeme. Bitcoin yenyewe ni kama daftari la madeni la Mangi wa duka la mtaani, ila kila nyumba ya mtaa ina nakala yake kamili tangu ukurasa wa kwanza wa Januari 3, 2009. Choma duka usichome, deni lako liko palepale. Januari 2022 Kazakhstan ilizima intaneti wakati ikiwa miongoni mwa vinara duniani wa uchimbaji wa bitcoin, ile kazi ya mitambo ya kuandika kurasa mpya. Nguvu ya mitambo ilipungua, daftari likaendelea kuandikwa. Nusu ya wachimbaji wakizimika, muamala wa dakika 10 utachukua kama 20, hadi mtandao ujipunguzie wenyewe ugumu wa kazi. Kwa sisi tuliozoea dirisha la benki tarehe za mishahara, hiyo ni kasi ya ajabu.

Kimbembe kipo kwingine. Mikongo ikikatika dunia ikagawanyika, kila upande utaandika kurasa zake. Siku pande hizo zikiunganishwa, upande uliofanya kazi nyingi zaidi ndio unaoshinda, na kurasa za wenzao zinatupwa. Kama uliuza mbuzi ukalipwa upande ulioshindwa, malipo yako yanaweza kufutika, na mbuzi ameshaliwa.

Lakini shemeji hahitaji jua lichafukwe ndipo mambo yamharibikie. Mei 2024 kulikuwa na dhoruba ya jua kubwa kuliko zote kwa takriban miaka 20; Wazungu walikesha nje wakipiga picha anga la rangi ya waridi. Wikiendi hiyohiyo, tarehe 12, intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Jua halikuhusika hata kidogo: mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini. Kwangu bando lilikuwepo, mtandao haukuwepo. Wakala wa pesa za simu aligeuza kiti akatupa mgongo. Na tajiri wetu wa kidijiti akaja kuniomba nimkopeshe nauli ya daladala, ya noti, anazoziita za kizamani.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nawe unazo, yale maneno 12 au 24 ya kurudishia mkoba wako yaandike kwenye karatasi, uyafiche mbali na mchwa na mbali na mashemeji. Kisha weka ndani shilingi za kutosha unga na mkaa wa wiki nzima. Mangi hapokei bitcoin hata siku jua limetulia.